Mgongo wa Mkono

Fundi aliogopa mvua, ngazi, soketi zilizolegea na watu wenye haraka. Naanza na hofu zake kabla ya ufundi wake kwa sababu ndivyo alivyojulikana mtaani kwetu Ngarenaro. Mafundi wengine walisifiwa kwa kasi, yeye alichekwa kwa kuchelewa. Akifika mlangoni alipiga hodi, kisha badala ya kuingia alirudi hatua mbili nyuma na kuutazama mlima. Kama Meru umejifunika kuanzia mabegani kwenda juu, aliaga palepale. "Chomoeni kila kitu, nitakuja kesho." Na kesho alikuja kweli. Niliwahi kumuuliza kama haoni aibu, mtu mzima na mvi zake, kukimbizwa na wingu. Akanijibu kwamba hajawahi kumzika mtu aliyeuawa na aibu.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, cha mtu asiyeyakimbiza maneno, na kofia yake ya kufuma aliivua tu anapopanda darini. Kwa karibu miaka kumi nilimwita Fundi, naye aliniita mwanangu, na hayo yalitutosha.

Nilimhitaji kwa ajili ya kazi yangu. Mimi nasikiliza sauti za watu zilizorekodiwa, mikutano, mahojiano, wakulima wakiulizwa habari za mbegu, na ninaandika wanayosema. Kazi inakuja kwa intaneti na inarudi kwa intaneti. Kiboksi cha kuipokea kiko sebuleni kwa mama mwenye nyumba, nyumba ya mbele, na mimi na mama yangu tunakaa vyumba vya uani. Mawimbi ya hewani yakifika kwenye kuta zetu yanachoka, kwa hiyo tulivuta kebo kutoka kwenye kiboksi, ikapita juu ya ua mpaka kwenye kompyuta yangu. Ikikatika nikiwa nasubiriwa, napewa onyo. Maonyo yakizidi natolewa, na mahali pangu anawekwa mtu mwingine ambaye hata sura yangu hajui. Hofu hiyo niliishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Siku nyingine lilitulia, lakini sikuwahi kulisahau.

Basi mara ya kwanza intaneti ilipokufa nilimwita Fundi nikiwa karibu kulia, naye akaomba kigoda. Akaketi mbele ya kompyuta akatazama tu. Mama akamletea chai, Fundi akatia sukari vijiko vinne, akakoroga taratibu, na bado hakugusa kitu. Mama, ambaye alikuja kukaa nami kutoka Kikwe baada ya baba kufariki na ambaye hajawahi kumeza neno, akamwambia, "Mzee wangu, hiyo si chai tena, hiyo ni asali."

"Mama, kazi ninayofanya ni chungu," akasema Fundi, akaendelea kunywa.

Alikuwa anatazama vitaa. Pale kebo inapoingia kwenye kompyuta kuna vitaa viwili vidogo, kimoja cha kijani na kingine cha rangi ya chungwa. Siku hiyo vyote vilikuwa vimezima. Alipomaliza chai aliuliza swali ambalo baadaye nilimsikia akiliuliza kila nyumba.

"Nani amefagia?"

Nikamwambia sikuelewa. Akasema watu wote humwambia hakuna kilichobadilika, imekatika yenyewe, na wote wanasema kweli kadiri wanavyojua. Lakini nyumba hufagiwa, ufagio huvuta kebo, na kichwa cha kebo kina kijidole cha plastiki ambacho kikivunjika, kebo inabaki shimoni bila kushikiliwa na chochote. Akainama, akavuta kwa vidole viwili, na kebo ikatoka kama karoti kwenye udongo laini. Mama akaangalia pembeni. Ndiye aliyekuwa amefagia.

Akakata kile kichwa, akazifungua zile nyaya nane nyembamba na kuzipanga kwenye kidole gumba, huku akizitaja kwa sauti ya chini. Nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Alizitaja hivyo kila mara, hata baada ya maelfu ya vichwa, na ukimwongelesha katikati alianza upya. Hakuamini kumbukumbu yake, yangu ndiyo kabisa. Kitaa cha kijani kilipowaka, cha chungwa kikaanza kupepesa, na mimi nikavuta kiti nikarudi kazini.

Alikuwa na amri moja, "Kitu kimoja, halafu ngoja." Badilisha kebo, ngoja. Ihamishie shimo jingine kwenye kiboksi, ngoja. Zima, washa, ngoja. Safari moja nilishindwa kungoja. Nilibadilisha kebo, nikahamisha shimo, nikazima na kuwasha vyote kwa mpigo, na intaneti ikarudi. Alipofika nilimpokea kwa majigambo. Nilitegemea pongezi, lakini alikasirika. "Sasa hujui ulichokiponya, kwa hiyo hujui kitakachoumwa tena." Akanirudishia kila kitu kilivyokuwa, kimoja kimoja, mpaka ikafa tena mbele ya macho yangu, na saa ya kazi inakaribia. Siku ile nilimchukia. Kumbe kibovu kilikuwa lile shimo la kiboksi. Bila yeye nisingelijua mpaka leo.

Alikuwa mtu wa kutatanisha. Aliogopa ngazi lakini darini alitembea juu ya mbao bila wasiwasi, kati ya popo na vinyesi vyao. Alikuwa mpole kwa waya na mkali kwa watu. Alipita nyumba za watu akiwaunganisha na dunia nzima, na kwake alikuwa na redio ya betri na taa mbili. Begi lake lilikuwa na kandambili kavu za kazi, alizovaa kabla ya kugusa chochote na kuzivua mara amalizapo, akazifuta na kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki. Tena kwenye begi hilohilo kulikuwa na testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini kinachowaka ikikutana na umeme. Ilikuwa mpya. Sikuwahi kumwona akiitumia.

Yeye alitumia mgongo wa mkono.

Kebo ya intaneti haina umeme wa kumdhuru mtu, hilo alinifundisha mapema. Lakini kwenye nyumba zetu hakuna kebo inayosafiri peke yake. Inapita juu ya mabati, kando ya nyaya za taa, kwenye misumari iliyopigwa na watu waliohama zamani. Kwa hiyo kabla ya kushika kebo yoyote ya nje, Fundi alivaa kandambili zake kavu, akanyoosha mkono wa kulia, na kuigusa kwa mgongo wa mkono, mguso mfupi sana, kama unavyopima homa ya mtoto. Akisikia kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi, umeme uko macho. Asiposikia kitu alisema, "Umelala." Na akishasema umelala, kila mtu aliendelea na shughuli zake.

"Kwa nini mgongo?" nilimuuliza.

"Kiganja kikishtuka kinafumba. Kinashika kinachokuua."

"Na testa je?"

"Testa ina taa, na taa inaungua. Ngozi haiungui."

Nilimwambia mafundi wa siku hizi wangemcheka. Akasema walishamcheka, na wanaojua kazi walimkataza kabisa, na wana haki. Mimi alinikataza kuiga. Lakini mwenyewe hakuacha, na sababu yake alinieleza mara moja tu, akiwa amepiga magoti chini ya meza yangu, akiongea na ukuta. Ujanani alikuwa akifanya kazi kwenye nguzo za simu, yeye chini na mwenzake juu. Siku moja mwenzake alimuuliza kutoka juu, umelala? Yeye alikuwa ameambiwa na mtu kwamba umeme umezimwa. "Nikamwambia shika, umelala. Nilikuwa nimeambiwa, mwanangu. Sikuwa nimegusa." Mwenzake akashika kwa kiganja. Kisha Fundi akaniomba nimpe koleo.

Tangu hapo niliacha kumcheka kuhusu mawingu.

Kisha ukaja mwaka wa Jumamosi. Intaneti ilikuwa nzima wiki yote na ikifika Jumamosi asubuhi inakatika, inarudi, inakatika. Jumamosi ndiyo siku ambayo wasimamizi wangu hutukutanisha hewani, kwa hiyo maonyo yalianza kuingia. Fundi alikuja Jumatatu, kila kitu kizuri. Akabadilisha kichwa, akasema tungoje. Jumamosi ikakatika. Akahamisha shimo, akasema tungoje. Nilipoteza usingizi na hamu ya kula, nikawa namgombeza mama bila sababu. Wiki ya tatu Fundi akaja Jumamosi yenyewe, akaomba kigoda, na safari hii akakiweka nje, katikati ya ua. Mimi akaniambia nikae kwenye kompyuta na nipaze sauti.

Ulikuwa Julai, baridi ya Arusha ile ya kuuma masikio, na mama alikuwa anafua mablanketi, kwa sababu Jumapili kwake ni kanisa na Jumamosi ni kufua.

"Imekata!" nikapiga kelele.

Nikamsikia Fundi, "Mama, naomba ulitoe hilo blanketi."

"Imerudi!"

"Mama, lirudishe."

"Imekata!"

"Mzee wangu," nikamsikia mama, "mnanichezesha ngoma?"

Nilitoka nje, nikaona. Makosa yalikuwa yangu. Kebo yangu niliifunga mwenyewe kwenye waya wa kuanikia nguo, kwa sababu juu ya mabati iliungua na jua, na kwenye ua kama wetu waya wa nguo ndicho kitu pekee kinachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila mtu hufanya hivyo. Mablanketi mabichi yalipouvuta waya chini, kebo nayo ilivutwa, na kichwa kikalegea shimoni. Nilicheka kwa kuona kwamba wiki tatu za mateso zilikuwa ni blanketi la mama. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshavaa kandambili za kazi. Akaugusa waya kwa mgongo wa mkono, akasema umelala, kisha akaniita.

"Njoo uone unachokicheka."

Mpangaji aliyetutangulia naye alikuwa amefunga waya wa umeme, unaokwenda kwenye taa ya choo cha nje, kwenye waya uleule wa nguo. Ule wa nguo ni chuma kitupu. Pale ulipokuwa ukisugua, ganda la waya wa umeme lilikuwa limelika mpaka likabaki jembamba kama ngozi ya kitunguu. Mama alikuwa amesimama kwenye tope la maji ya sabuni, miguu mitupu, kwa sababu hakutaka kuharibu viatu. Ameanika hapo kila Jumamosi tangu aje kutoka Kikwe.

Fundi alifanya kazi mchana kutwa, akavitenganisha, kebo na waya wa umeme, kila kimoja kwenye nguzo yake. Toka siku hiyo mama hakuanika hata kitambaa cha mkono bila kuuliza, "Fundi alisema umelala?" Ikawa ndiyo sala yetu ya Jumamosi.

Mwaka jana Fundi alipotea. Tulisikia anaumwa sukari, kisha tukasikia ana kidonda mguuni, kisha hatukusikia tena. Baada ya mwezi wa Ramadhani mtu akatuambia amerudi kazini. Nikafurahi, maana upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya mama mwenye nyumba, wapauaji walikuja wakaezeka upya, na siku walipoondoka intaneti yangu ikafa. Nilifuata amri, kitu kimoja, halafu nikangoja. Kisha nikainua macho uani. Wapauaji walikuwa wameng'oa zile nguzo za Fundi na kufunga kila kitu kwenye waya wa nguo, kebo yangu na waya wa choo, pamoja, vizuri kabisa, kwa mafundo mazuri. Nikamwambia mama asianike kitu mpaka Fundi aje. Nguo zikakaa kwenye beseni, na mama akakaa kando yake akinuna.

Alikuja Jumamosi na fimbo. Alikuwa amepungua nusu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Bado unaandika maneno ya watu?"

Mama akaleta chai. Akakataa sukari, na mama, aliyemsema miaka yote, akaonekana kama anataka kumtilia kwa nguvu. Tukaongea. Nilipotazama mezani niliona mgongo wa mkono wake wa kulia umeegemea birika. Birika lilikuwa limetoka jikoni muda huohuo.

"Fundi, birika!"

Akalitazama. Akauondoa mkono taratibu, kama anasogeza kitu cha mtu mwingine. "Limepoa hili," akasema. Nikaligusa, nikaurudisha mkono haraka. Lilikuwa linaunguza. Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Alikuwa mzee, alikuwa Fundi, na mimi niliona haya kwa niaba yake.

Tukatoka uani. Akavaa kandambili kavu, akishikilia bega langu. Akanyoosha mkono, mguso mfupi, kama siku zote.

"Umelala," akasema.

Mama akashusha pumzi, akainama kwenye beseni, akainua shuka linalochuruzika maji. Ardhi ilikuwa imelowa. Alikuwa miguu mitupu, kwa sababu kandambili zake alizivua kukaa mkekani. Nikaona shuka linapanda kuelekea kwenye waya, na nikalikumbuka birika.

"Mama, usiguse! Mama!"

Sijawahi kumpigia mama kelele namna ile. Akasimama na shuka kifuani. Mimi nikaingiza mkono kwenye begi la Fundi, bila kuomba, nikatoa testa. Nikavua viatu vyangu vya ngozi na kuvaa vya raba, nikaigusisha ncha kwenye waya wa nguo.

Taa ikawaka.

Fundi alikitazama kile kitaa chekundu, kisha akautazama mkono wake, mbele na nyuma. "Kazime mein swichi," akasema kwa sauti ambayo sikuijua. Nikakimbia kwa mama mwenye nyumba nikazima. Niliporudi, Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama, na mama ameshika mkono wake mapajani. Lengelenge la birika lilikuwa limeshaanza kuumuka. Mama alilibonyeza kidogo pembeni.

"Unasikia hapa, mzee wangu?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mama."

Fundi akaanza kulia, na nilidhani analia kwa ajili ya mkono. Nikaanza kumwambia pole, ni sukari tu imeutia mkono ganzi, hakuna aliyeumia, mama yuko salama. Akanikatisha. "Tangu Idi nimekuwa nikitoka kwenda kazini," akasema. Kisha akaanza kuzitaja kwa sauti ya chini, kidole juu ya kidole, kama alivyozitaja zile rangi nane: nyumba ya kona karibu na msikiti, ya mama anayeuza vitumbua, ya seremala, ya mama wa mapacha, na nyingine. Alikosea katikati, akaanza upya. Zilikuwa sita. Nyumba sita alizogusa na kusema umelala.

Akasimama bila kusubiri kushikwa. "Lete testa, twende."

"Fundi, mimi naogopa." Nilikuwa naogopa kweli.

"Ndiyo maana nakuchukua wewe," akasema.

Tukaanza na ya mapacha. Tulitembea polepole, kwa fimbo yake, na kila nilipotaka kukimbia nilikumbuka kwamba haraka yangu haitamfikisha. Meru ulikuwa umejifunika mpaka chini. Mlangoni akapiga hodi, na nikamsubiri arudi zile hatua mbili autazame mlima. Hakurudi. Mwanamke alifungua, kijana, akiwa na unga mikononi, akacheka alipomwona.

"Karibu Fundi! Kuna nini tena? Si ulishamaliza?"

"Nilikwambia umelala," akasema Fundi. "Sikuwa nimesikia. Watoto wako wapi?"